Kungwi Aliyeacha Kunitukana

Alikuwa na matusi mazuri. Siyo matusi ya stendi, yale ya kumvua mtu nguo mbele ya wanawe, bali matusi ya utani, yaliyokukaa mwilini kama shati la kupimwa kwa fundi. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani, na huku kwetu Uluguru utani wa koo si mchezo wa kupitisha muda. Mtani ndiye anayecheka kwenye msiba wako. Ndiye anayeingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye anayeweza kuingia nyumbani kwako mchana kweupe akabeba kuku au sufuria, nawe ukatakiwa kucheka, ukomboe kitu chako kwa zawadi ndogo, mambo yaishe. Ukikasirika, umejiaibisha wewe, si yeye.

Asubuhi nilipokuwa napita mbele ya nyumba yake kwenda kwenye mdalasini wangu, alikuwa ananiona kabla sijamwona.

"Wewe bado unatembea? Mimi nimeshaanika mchele wa matanga yako, unataka uote?"

"Nasubiri wewe utangulie ukanitandikie."

"Nikutandikie wapi, na mgongo huo uliopinda kama jembe la bibi yako? Wewe utazikwa umekaa."

Nilicheka njia nzima mpaka shambani. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba siku yule mama asiponitukana narudi nimenuna, na chumvi ya mboga naisingizia bure.

Alizaliwa lini na kwa nani sitaandika. Wapo wenyewe wa kuyasema hayo. Jina lake pia silitaji. Kijiji kizima, kutoka kwetu juu mpaka kule chini Mkuyuni, tulimwita Kungwi, kwa sababu wasichana wa vitongoji vyote hivi alikuwa akiwafunda yeye. Msichana akishavunja ungo, aliwekwa ndani kwake akawa mwali, akafundishwa mwili wake, nyumba, watu na maneno ya kuwajibu watu. Zamani mwali alikaa ndani muda mrefu. Kungwi aliona shule zimekuja kukaa, akaikunja kazi yake yote ikaingia kwenye likizo ya Juni. Mwalimu mkuu mmoja, mgeni kutoka mkoa mwingine, alipopanda mlima kumkanya asimharibie wanafunzi, Kungwi alimkalisha, akampa ndizi za kuchemsha, akamwambia, "Mwalimu, wa kwangu wanarudi Jumatatu na viatu vimepigwa rangi. Wa kwako wanaotoroka kwenda kuuza genge mjini, nani amewacheza unyago?" Mwalimu alikula ndizi zake.

Kungwi hakukosa sala. Shehe wetu alipohubiri kwamba ngoma za wali ni ushirikina, yeye alikuwa nyuma ya pazia upande wa wanawake, akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia amina kwa sauti iliyosikika huku mbele. Kesho yake alimtuma mtu kwa mke wa shehe: binti yako wa pili zamu yake ni Juni. Juni ikafika, na binti akaja. Kungwi hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Nilipomchokoza kuhusu hilo alinijibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, haya ya wasichana amewaachia wanawake.

Aliwafundisha wali kukaa na mume, naye mwenyewe aliwaacha waume wawili. Wa pili alimwacha kwa kosa la kukoroma, au hivyo ndivyo alivyosema. Mwali mmoja alimuuliza kuhusu hilo, na jibu lake lilizunguka kijiji kizima. "Mimi nafundisha namna ya kukaa. Namna ya kuondoka haihitaji kungwi, miguu unayo."

Alichukia watu wanaotembea huku wanaongea na simu. Alisema wanasalimia hewa na kuwapita wazee. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na simu ya kupangusa, aliyoletewa na mjukuu wake anayekaa Morogoro mjini, na jioni ungemkuta barazani ameishika kwa mikono miwili, anaangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili na kuwagombeza waliomo. "Huyo mkweo anakutilia sumu, mpumbavu wewe, usinywe!" Ukimwambia hawamsikii, alikujibu kwamba hata wewe humsikii na bado anakugombeza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nimeanza na mazuri kwa sababu yaliyobaki ni yangu mimi.

Kungwi alikuwa na mwanahiti. Wa makumbusho na vitabu mnamjua: kisanamu cha mti, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, hakina mikono wala miguu, kichwani kina vishungi viwili na nywele za kweli zilizogandishwa. Mwali anapewa amlee kama mtoto, amwogeshe, ampake mafuta ya nyonyo, amlaze, asimwangushe. Mwanahiti wa Kungwi alikuwa mweusi wa kung'aa kwa mafuta ya mikono ya wasichana ambao wengi wao sasa ni udongo. Kwa watu wengine sijui, lakini katika ukoo wake kulikuwa na sharti: chini ya mwanahiti hapaonwi. Siku ya mwisho, mwali anapokaribia kutolewa, Kungwi alimpindua mwanahiti mbele yake, akamwonyesha chini, akamwambia maneno. Hilo ndilo lilikuwa fundisho la kufungia yote. Kabla ya hapo hakuna msichana aliyeona, na mwanaume hakuona kabisa. Sitaandika kuna nini pale chini. Nimeshaonyesha mara moja, inatosha.

Ukaja mradi mmoja kutoka mjini, wa kuhifadhi vitu vya jadi kwenye mtandao. Hawakuwa wabaya. Hawakutaka kuchukua kitu cha mtu. Walitaka picha tu, lakini picha ya aina ambayo mtu aliyeko popote anaweza kuigeuza kwa kidole kwenye simu yake, akakiona kitu mbele, nyuma, juu na chini, kana kwamba amekishika. Kijana wao wa kamera alikuwa na meza ndogo ya duara inayozunguka, kitambaa cheupe na taa mbili. Aliweka kigoda juu ya meza, akapiga, akaizungusha kidogo, akapiga, akaizungusha tena kidogo, mpaka kigoda kikarudi kilipoanzia. Kisha alishusha kamera akaanza upya, akaipandisha akaanza upya tena. Mwisho alikilaza kigoda ili apate chini yake. Picha zote hizo aliziingiza kwenye kompyuta, nayo ikazishona zikawa kitu kimoja. Mahali ambapo hakupiga, kompyuta iliacha tundu.

Nilikuwa nao kila siku. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwa watu wa umri wangu huku mlimani hilo lilinifanya katibu wa kila jambo. Niliwapeleka nyumba kwa nyumba, niliwatafsiria wazee wasiotaka kusema Kiswahili, na wao wakaniahidi kwamba chini ya kila kitu kwenye mtandao patakuwa na mstari wenye jina langu: mzee mshauri. Niliupenda mstari huo kuliko chakula. Nilishawapigia simu wanangu Dar es Salaam kuwaeleza kabla haujaandikwa.

Kungwi alikubali mwanahiti apigwe picha, na watu walishangaa. Alitupokea chumbani kwake, akakaa kwenye mkeka karibu na meza ile, kijana alipowasha taa akamfokea.

"Punguza hiyo, unamchoma mtoto!"

Kijana alipunguza. Alipiga kuzunguka kote, Kungwi akishika ukingo wa meza kila inapozungushwa, kama anayesindikiza. Ilipofika zamu ya kumlaza, aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mwanahiti.

"Hapo mwisho."

"Bibi, nisipopiga chini kitabaki na tundu," kijana alisema. "Mtu akikigeuza ataona ndani hamna kitu, kama ganda."

"Aone ganda. Nani kamwambia ageuze?"

"Naweza kulijaza kwenye kompyuta, lakini itakuwa uongo. Siyo chake."

Kungwi alifikiri. Nakumbuka kwamba alifikiri, maana baadaye nilijidanganya kwamba alikataa tu kwa ukaidi. "Huko kwenu hakuna mwanamke?" akauliza. "Leteni mwanamke aliyechezwa. Huyo nitamwonyesha, na yeye mwenyewe atajua apige nini na aache nini."

Mwanamke alikuwepo. Mwenzake yule kijana katika kazi ileile, mwenyeji wa Matombo, alikuwa kwenye likizo ya uzazi na angerudi masika yakiisha. Tulipotoka nje kijana alisema, "Basi mzee, tumsubiri dada." Wala hakuona taabu. Mimi ndiye niliyeona taabu. Ukurasa wao wa mtandao ulikuwa karibu kufunguliwa, na mwanahiti ndiye aliyekuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyokusanya. Sikutaka jina langu likae chini ya kitu chenye tundu.

Nikamwambia, "Niachie mimi. Yule ni mtani wangu."

Siku ya pili yake wanawake walikuwa wamejaa kwa Kungwi, wanatwanga na kupepeta kwa ajili ya arusi ya mpwa wake. Niliingia naimba. Nikapita katikati ya vinu mpaka chumbani, nikamtoa mwanahiti kwenye kapu lake akiwa amezungushiwa kaniki, nikatoka naye nimemwinua juu. "Nimemteka mjukuu wenu! Nataka jogoo, la sivyo namwoza kwa Wanyamwezi!" Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akanirushia pumba. Kungwi alisimama, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, akanitazama. Watu wote wakamtazama yeye, maana mtani ameshateka na ni zamu ya mwenye kitu kucheka.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilichoanzia mdomoni na kuishia mdomoni. Nilikiona. Nasema nilikiona, nikageuka nikaenda zangu.

Kijana alikuwa ameweka tayari vifaa vyake katika ofisi ya kijiji. Aliuliza, "Bibi amekubali?"

"Amecheka," nikamjibu, nikasaini karatasi ya ridhaa kwa niaba yake.

Basi akamlaza, akapiga. Sikufumba macho.

Alasiri nilimrudisha. Kungwi alikuwa amenifungia jogoo mwekundu, kamba mguuni, yuko tayari mlangoni. Alimpokea mwanahiti kwa mikono miwili, akasema, "Nakushukuru kwa kumrudisha, mzee wangu." Lile "mzee wangu" nililiona ni utani mpya, nikaenda nalo nyumbani nikilifurahia. Mke wangu alimpika jogoo. Tulipokaa kula akauliza ametoka wapi, nikamweleza yote, pamoja na ofisi ya kijiji na taa. Naye alichezwa kwa mwanahiti huyohuyo, katika nyumba ileile. Aliirudisha nyama kwenye sufuria, akaosha mikono, akatoka nje.

Asubuhi yake nilipita kwa Kungwi nikiwa nimeandaa tusi zuri kuhusu miguu yake. Akaniwahi.

"Habari za asubuhi, mzee. Umeamkaje?"

"Salama, wewe mzoga. Bado hawajakufukia?"

"Namshukuru Mungu. Nyumbani hawajambo?"

Nikasimama. Nikajaribu tena, nikamwambia maiti yake itabidi isombwe kwa tela. Akasema asante, akanitakia kazi njema, akaendelea kufagia. Tangu siku hiyo hakuwahi kunitukana. Nilikuwa nimeutumia utani wetu kama ufunguo wa kuibia, na yeye alibadilisha kitasa. Hakunishtaki popote. Kwa desturi hakuwa na la kushtaki: mtani alichukua, mwenyewe alicheka, jogoo alitolewa, jogoo aliliwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na bado linaniuma: nilimfunga kwa sheria aliyokuwa akiilinda yeye kuliko mimi.

Ukurasa ulipofunguliwa nilikuwa na fahari ya kijinga. Niliteremka kwa vijana wa bodaboda, nikawaonyesha jina langu. Wakauliza picha ya mwanahiti inafanyaje kazi, nikawaonyesha mimi mwenyewe kwa kidole changu: hivi unamzungusha, hivi unamleta karibu, hivi unampindua. Walimpindua. Wakacheka, wakatumiana, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi.

Yaliyotokea Juni iliyofuata nilisimuliwa na mke wangu, kwa maneno machache, akiwa amenipa mgongo. Kulikuwa na mwali mmoja, mtoto msikivu. Siku ya mwisho Kungwi aliwakalisha wanawake kama desturi, akamshika mwanahiti, akampindua mbele ya mwali, akafungua kinywa. Kabla hajasema, yule mtoto akasema, "Hiyo nimeshaiona, bibi. Ipo kwenye simu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mwanafunzi anayelijua jibu na anataka mwalimu afurahi. Wanawake wengine wakubwa wakainamisha macho. Kungwi alimfunika mwanahiti kwa kaniki, akamaliza kwa wimbo, akamtoa mwali.

Aliendelea kuwafunda wasichana, lakini bila mwanahiti. Alikuwa akifika mahali pale pa mwisho anasema, "Basi, mnaweza kuvaa viatu." Mama zao walianza kujiuliza kama kuna haja ya kuwaleta, na baada ya muda wengi hawakuwaleta.

Mke wangu alipofariki, Kungwi alikuja msibani. Nilikuwa namsubiri. Namwambia msomaji ukweli, katikati ya kilio changu nilikuwa namsubiri mtani wangu aje kunivunjia heshima, aniulize nani sasa atanikuna mgongo, aingie kaburini agome, adai sahani, kanga, chochote. Alikuja akakaa na wanawake. Akalia kama wengine. Akala kidogo, akanipa mkono wa pole, akaondoka. Watani wenzake hawakuthubutu kufanya fujo yeye akiwa amenyamaza, na mazishi yakapita kimya kama ya mtu asiye na watani. Watu walinitazama mimi, siyo yeye.

Baada ya hapo nilianza kudai picha zile zifutwe. Nilikwenda Morogoro mjini mara nyingi, nimepakiwa nyuma ya pikipiki mpaka Mkuyuni na kupanda gari hapo. Ngazi za ofisi ya mradi nilizijua kwa magoti. Waliniambia hivi ni vitu vya urithi, ni vya wote, vikifichwa vitapotea. Waliniambia nilisaini mimi. Nikawaambia ndiyo, nilisaini, na nilidanganya. Mwenye kitu hakukubali, alicheka tu. Walikuwa hawaelewi tofauti iko wapi, nami sikuwa na Kiswahili cha kuwaelewesha mtu mzima alivyoweza kuibiwa huku anacheka. Kijana wa kamera, ambaye kumbe alikuwa hana raha tangu siku ile, ndiye aliyenisimamia mpaka wakubwa wake wakakubali. Nilimwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatabakiza chochote, popote. Akaapa. Siku aliponipigia kusema imekwisha, nilivaa koti.

Kungwi alikuwa barazani, anachambua pilipili manga juu ya mkeka. Miguu ilikuwa imemvimba, na macho yalishaanza kumwacha. Alikuwa akichambua kwa vidole.

"Karibu, mzee. Habari za huko?"

Nikamwambia sikuja kwa habari nyingine. Nikamwambia mwanahiti ametolewa kwenye mtandao, hakuna mtu atakayempindua tena, na kwamba najua nilichelewa. Nilikuwa nimekwenda kusema mengi zaidi, lakini alikuwa ameacha kuchambua.

"Ametolewa wapi?"

"Kote."

Akapapasa pembeni, akaitoa simu yake chini ya kanga. Alibonyeza mahali bila kutafuta, kama mtu anayejua njia ya chooni kwake gizani. Kikatokea kiduara kikazunguka, kisha maandishi. Akaisogeza karibu na uso, kisha akanipa.

"Hebu niangalizie. Huenda ni macho yangu."

Niliangalia. Yaliandikwa kwamba ukurasa haupo.

"Yule wa mti nilimzika," akasema. "Juni ileile. Mwanahiti aliyeonwa na kila mtu halei mwali, anarudishwa udongoni kama wenzake. Mjukuu wangu ndiye aliniwekea huyu wa humu. Huwa namtazama. Simpindui, namtazama tu alivyosimama."

Nikamrudishia simu. Ni yeye aliyesema tena, na kwa miaka yote ile ndiyo mara pekee aliyoniomba kitu.

"Mpigie huyo kijana. Mwambie amrudishe. Chini aache tundu, kama alivyosema."

Nilipiga pale pale, nikaweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe. Kijana alipokea kwa furaha. Nilipomweleza nilisikia mtu mwingine anaongea nyuma yake.

"Mzee, uliniapisha. Tulifuta na picha zenyewe, kwenye kila mashine. Hakuna kilichobaki."

Kungwi alikuwa ameinamisha kichwa upande wa simu. Akakiinua.

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie tunamshukuru kwa kutusikiliza."

Nikamwambia. Kijana akajibu kwamba hakuna shida, bibi, na karibuni sana, akakata simu.